Hakuiba hata shilingi, lakini alilipa: Gharama ya kuketi na wala magendo

UKITOKA mjini Busia kuelekea Malaba kwa barabara ya Adungosi, utapita Alupe. Vijana wa leo hulijua jina hilo kwa sababu ya chuo kikuu kilichoko hapo. Wengine hulikumbuka kwa sababu mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, hospitali ya hapo ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi hayo. Lakini wazee wa sehemu hizi wana kumbukumbu ya zamani zaidi. Kwao Alupe ilikuwa hospitali ya wakoma, na mtoto aliyekuwa mkaidi alitishwa kwamba angepelekwa huko.

Leo twajua kwamba hofu ile ilipita kiasi. Watu wengi mno, takriban 95 katika kila 100, wana kinga ya kuzaliwa nayo dhidi ya ukoma. Tena tangu mwaka wa 1981, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tiba ya dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ukoma ni ugonjwa unaotibika. Kwa hivyo tulimkimbia mgonjwa ambaye hakuwa na kosa na ambaye hakuwa rahisi kutuambukiza. Wakati huo huo, kule mpakani, tulikuwa tukivuta kiti na kuketi karibu na watu ambao tabia zao huambukiza upesi. Tulikula nao, tukanywa nao na kuwaita ndugu.

Msomaji huenda akashangaa kwa nini jambo la tabia linaandikwa katika kurasa za afya, ilhali lina mahali pake kanisani, msikitini na mahakamani. Nami nimeshangaa miaka mingi kwa nini haliandikwi hapa. Nitaeleza kisa kimoja kisha msomaji aamue.

Meza ambayo hulipi

Binamu yangu alipata kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa forodha huko Malaba. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye mwandiko mzuri na subira ya kuketi na makaratasi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulitosha kodi ya chumba, unga na nauli ya kwenda kumwona mamaye mwisho wa mwezi.

Asiyewahi kufika Malaba ni vigumu kuelewa hali ya mji ule. Barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret huishia pale kabla ya kuvuka kuingia Uganda. Malori ya mafuta, simiti, nguo na vyuma hupanga foleni ambayo siku mbaya huelekea hadi upande wa Bungoma. Mwaka wa 2020, madereva walipolazimika kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni hiyo ilirefuka kwa makilomita mengi na watu wakalala ndani ya malori siku nyingi. Penye foleni pana haraka, na penye haraka hapakosi mtu wa kuuza njia ya mkato.

Jioni binamu yangu alikuwa na mahali pa kuketi. Mezani hapo alikuwako dalali wa makaratasi, mtu wa kunyonya mafuta kutoka kwenye matangi ya malori, na bwana mmoja aliyevusha mitungi ya spiriti usiku kwa njia za panya. Mara kwa mara alifika pia mtu mwenye cheo, ambaye hakukaa sana na hakulipa kamwe. Nyama choma ililetwa, bia zikaletwa. Binamu yangu alipotia mkono mfukoni aliambiwa, "Kijana, kula. Kuna mtu amekuomba kitu hapa?"

Na kweli hakuombwa kitu. Mwaka mzima hakuombwa kitu. Nilimtembelea mara mbili na mara zote mbili nilikula nyama ile. Nilijua ilikotoka. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni tu, na kwamba mgeni hahoji sahani. Nataja jambo hili ili msomaji asidhani nazungumza nikiwa juu ya mnara.

Siku moja aliombwa jambo dogo. Bwana wa spiriti alisema laini yake ya simu ilikuwa na matatizo, na kuna pesa kidogo zilitakiwa kupita. Je, zingeweza kupitia kwa laini ya kijana? Zilipita. Baadaye zilipita nyingine. Binamu yangu hakubaki na hata shilingi moja, na neno hilo alilirudia mara nyingi baadaye mbele ya polisi, kana kwamba ndilo swali alilokuwa akiulizwa.

Lori liliposhikwa na mitungi ambayo karatasi zake zilisema ni kitu kingine, mwenye mitungi alikuwa amevuka zamani. Aliyepatikana ni kijana ambaye namba yake ya simu ilikuwa katika kila muamala. Alilala korokoroni, akafikishwa kortini, akakaa rumande majuma matatu kabla ya dhamana kupatikana. Dhamana hiyo ilitoka kwa shangazi yangu, mamaye, aliyeuza ng'ombe wawili. Wale wa mezani hakuja hata mmoja. Wahenga walisema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Kesi iliburutwa miaka miwili, kisha ikaondolewa kwa kukosa ushahidi. Jirani mmoja alisema kijana ameshinda. Lakini mimi niliyeketi naye katika kliniki alipopimwa damu sikuona ushindi. Kipimo kilisoma 180 kwa 110, naye alikuwa na umri wa miaka 34.

Mwili haudanganyiki

Hapa ndipo mambo ya tabia yanapokuwa mambo ya afya. Mtu anaweza kuwadanganya wenzake kwamba yuko sawa, hata akajidanganya mwenyewe. Mwili wake haujui mchezo huo.

Binadamu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ambazo huufanya moyo kwenda mbio, mishipa ya damu kukazana na sukari kupanda katika damu. Mungu ameuumba mwili hivyo ili mtu aweze kumkimbia nyoka. Nyoka akishapita, mwili hutulia. Lakini mtu anayeishi akisikiliza kila pikipiki inayosimama nje ya mlango, anayeruka simu ikilia usiku, nyoka wake hapiti. Homoni hizo hubaki juu siku baada ya siku. Usingizi hukatika. Asiyelala hula ovyo, huongeza chumvi na sukari, hukosa nguvu za kutembea, na jioni hutafuta chupa imsaidie kusinzia. Hali hiyo ikienda miezi na miaka, moyo na mishipa ya damu hudhurika.

Madaktari huanza kuhesabu shinikizo la damu kuwa la juu linapofikia 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba aghalabu hauumi. Mtu huenda nao miaka mingi akidhani ni mzima, mpaka siku mkono unapokataa kushika kikombe.

Sitaki kutia chumvi. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba marafiki ndio waliomletea binamu yangu shinikizo la damu. Ugonjwa huo una sababu nyingi, zikiwemo ukoo, chumvi, unene na pombe. Lakini tazama orodha hiyo tena kisha ujiulize ni mangapi kati ya hayo yaliletwa mezani kwa sahani. Kabla ya kwenda Malaba hakuwa mlevi. Alijifunza kunywa kwa sababu kukataa kilicholipiwa kulionekana kama kuwahukumu waliolipa.

Na kinywaji chenyewe si cha kuaminika. Spiriti ya viwandani ikichanganywa na watu wasiojali huweza kuwa na methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoua mishipa ya macho na hatimaye mtu mwenyewe. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mwezi wa Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Yule bwana wa mitungi hakuwahi kunywa bidhaa yake mwenyewe. Alikunywa bia ya chupa iliyofungwa, tena aliifungua kwa mkono wake.

Kuna pia jambo la virusi vya ukimwi. Ukimwi si adhabu ya waovu. Umewapata wema kwa wabaya, na wengi wameupata ndani ya ndoa zao wakiwa waaminifu. Lakini miji ya mpakani ina wanaume wengi walio mbali na wake zao, fedha za haraka, na usiku mrefu wa kungoja. Kundi la marafiki ambalo humwona mwenye kurudi nyumbani saa mbili kuwa mjinga humsukuma mtu kwenye hatari ambayo asingeitafuta akiwa peke yake. Hilo twaweza kulisema bila kumhukumu mgonjwa yeyote.

Jicho huzoea giza

Labda msomaji atasema: mimi nina msimamo wangu, naweza kuketi na mwizi nisiibe. Wengi wetu husema hivyo. Wataalamu wa nafsi, hata hivyo, wamelipima jambo hili.

Mwaka wa 1951, Solomon Asch, mtaalamu aliyefanya kazi Marekani, aliwaweka watu katika chumba na kuwaonyesha mistari. Waliulizwa mstari upi ulilingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kiasi cha mtoto kulijua. Lakini katika kila kundi mmoja tu ndiye aliyekuwa akipimwa. Wengine walikuwa wameagizwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo huo angalau mara moja. Hao walikuwa wageni ambao hawakuwa wamewalipia hata soda. Je, itakuwaje kwa marafiki ambao wamekulisha mwaka mzima?

Utafiti mwingine ulitoka mji wa Framingham, Marekani. Nicholas Christakis na James Fowler walichunguza rekodi za watu zaidi ya 12,000 kwa muda wa miaka 32. Mwaka wa 2007 walitangaza kwamba mtu ambaye rafikiye alinenepa kupita kiasi alikuwa na uwezekano wa asilimia 57 zaidi wa kunenepa vivyo hivyo. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba hata kuacha sigara huenda kwa makundi ya marafiki. Wako wataalamu wanaobisha, wakisema huenda watu wanaofanana ndio huchaguana tangu mwanzo. Hoja yao ina uzito. Lakini hata wao hawasemi kwamba marafiki si kitu.

Sisi hatukuhitaji Framingham kuambiwa hivyo. Nazi mbovu harabu ya nzima. Jambo ambalo methali haikueleza ni jinsi harabu hiyo inavyoingia polepole. Binamu yangu aliniambia kwamba mara ya kwanza aliposikia mezani jinsi mtu alivyobadilisha karatasi za mzigo, moyo ulimdunda. Mara ya kumi alicheka. Mara ya hamsini yeye ndiye aliyesahihisha hadithi, kwa kuwa msimuliaji alikuwa amekosea jina la fomu. Hakuwa ameiba. Lakini kile kitu kilichomdunda kifuani kilikuwa kimenyamaza, na hicho ndicho kilichotakiwa kumwamsha siku alipoombwa laini ya simu.

Sheria haiulizi uliketi kwa nini

Gharama nyingine ni ya jina na uhuru. Wengi hudhani kosa ni la anayepokea au anayebeba. Sivyo. Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji, na mtu anaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au yote mawili. Tena sheria hiyo humtaka mwenye mamlaka, katika afisi ya umma au kampuni ya watu binafsi, kuripoti hongo anayoijua au kuishuku katika muda wa saa 24. Anayepitisha fedha za uhalifu huweza kukutana na sheria ya mwaka wa 2009 dhidi ya utakasaji wa fedha haramu. Nayo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004 huruhusu gari lililobeba magendo kutaifishwa. Mwenye pikipiki ya mkopo anayekubali kubeba gunia moja usiku anaweka pikipiki nzima rehani kwa nauli ya gunia.

Mpakani pia kuna tumbo

Najua jibu nitakalopewa Busia, na sitaki kulipuuza. Nitaambiwa kwamba mpaka ulichorwa na wakoloni katikati ya watu wa ukoo mmoja, Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na mama anayevuka na kapu la nyanya haendi nchi ya kigeni bali anakwenda kwa dada yake. Nitaambiwa kwamba neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na kwamba watu hao walikuwa wakitafuta chakula tu.

Nakubali. Sizungumzi juu ya mama wa nyanya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na ni wajibu wa wenye afisi kuwaelewesha badala ya kuwatisha. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vilipoanzishwa Malaba na Busia, kile cha Busia kikizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwezi wa Februari 2018, mtu hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Njia halali imekuwa fupi kuliko zamani.

Ninayemzungumzia ni yule anayeuza spiriti akijua itaua, anayenunua mtu mwenye cheo ili mahindi yenye sumu ya ukungu yapite bila kupimwa. Sumu hiyo, aflatoksini, iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya mwaka wa 2004. Mtu huyo ndiye tajiri wa harambee. Ndiye anayelipa karo ya mtoto wa jirani na kutoa gari la kubeba jeneza. Ndiyo sababu ni vigumu kumkwepa: wema wake ni wa kweli kwa anayeupokea. Lakini wazee wanaokumbuka magendo ya kahawa ya Uganda ya miaka ya 1976 na 1977, fedha zilipomwagika kule Chepkube, wanaweza kukutajia matajiri wa siku zile, kisha uwaulize wako wapi.

Namna ya kuondoka mezani

Kujitoa kwa kishindo si lazima, na mara nyingine ni hatari. Anayehubiri mezani hupata maadui. Anayechelewa kufika husahaulika. Badilisha saa na mahali pa kupumzikia. Lipia chakula chako tangu siku ya kwanza, hata kama ni chai na mandazi. Usimwazime mtu kitambulisho, laini ya simu, akaunti ya benki, sahihi wala pikipiki, awe nani. Jambo ukiona aibu kumweleza mke wako, au mume wako, au mama yako, basi umekwisha kupata jibu.

Kisha nenda kliniki. Pima shinikizo la damu na sukari, na upime virusi, hata kama hujisikii vibaya. Dawa za shinikizo zikitolewa usiziache kwa sababu umepata nafuu. Kama usingizi umekatika kwa majuma, au pombe imekuwa ndiyo inayokulaza, mwambie mhudumu wa afya ukweli. Si kazi yake kukushtaki.

Na tuliobaki nje tuna wajibu wetu. Mimi nilikula nyama ile mara mbili na kurudi Nairobi. Ningalimwambia binamu yangu neno moja njiani kuelekea stesheni ya mabasi, labda angalinikasirikia mwezi mmoja. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuharibu ziara.

Alipata kiharusi mwaka mmoja baada ya kesi kuondolewa. Sasa anaishi kwa mamaye. Anatembea kwa fimbo na anasema vizuri, lakini mkono wa kushoto hauwezi kufunga kifungo cha shati, na shangazi yangu mwenye umri wa miaka 70 ndiye anayemfungia kila asubuhi. Dawa anakunywa bila kukosa. Usingizi umerudi. Aliniambia jambo la ajabu: kwamba alianza kulala vizuri mara ya kwanza baada ya miaka mingi akiwa kwenye kitanda cha hospitali, mwili nusu umekufa, kwa sababu alijua hakuna tena mtu ambaye angempigia simu usiku.

Msomaji, leo usiku weka simu yako kando ya kitanda. Ikilia saa nane za usiku, angalia moyo wako utafanya nini kabla hujaangalia ni nani aliyepiga.